Jina la Kupanga: Kuisha kwa Usajili wa Majina ya Intaneti katika Historia ya Maandishi ya Kiswahili

Katika eneo la Tabata, upande wa Ilala, jijini Dar es Salaam, kuna mahali panapoitwa Dampo. Jina hilo limetokana na jalala la taka za jiji lililokuwapo huko zamani, na kwa umbo lake ni neno la Kiingereza lililopewa irabu mwishoni, kama Kiswahili kilivyoyafanyia mamia ya maneno mengine. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walifungua shauri la madai katika Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji, wakilalamikia moshi, harufu na inzi. Mahakama iliamuru utupaji wa taka ukome. Halmashauri iliomba muda. Muda ulipokwisha ikaomba mwingine. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuuongeza tena, akilihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyotajwa katika ibara ya 14 ya Katiba, na taka za jiji zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Jalala likaondoka, jina likabaki. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hushuka Dampo pasipo jalala lolote, wala hapotei.

Hakuna aliyelipa ada ili jina Dampo liendelee kuwapo. Limetunzwa na vinywa vya makondakta, abiria na mama lishe, kama yalivyotunzwa majina ya Relini, Kimanga na Kisukuru. Majina ya aina hii hufa pale tu watu wanapoacha kuyatamka. Mhadhara huu unahusu majina ya aina nyingine, yaani majina ya intaneti, ambayo hufa kwa tarehe iliyoandikwa daftarini hata kama maelfu ya watu wangali wanayatumia. Hoja yangu ni kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 sehemu inayozidi kukua ya maandishi ya Kiswahili imewekwa chini ya majina ya kupanga, na kwamba sisi tunaoandika historia ya lugha hii bado hatujalizingatia jambo hilo ipasavyo.

Neno kikoa

Katika Kiswahili cha kompyuta jina la namna hiyo huitwa jina la kikoa. Neno hili ni kongwe. Kamusi za zamani, ikiwamo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zinalieleza kuwa ni chakula kinacholiwa na watu kwa pamoja, ambacho kila mmoja hukitoa kwa zamu yake au hukichangia. Watu hula kikoa. Na aliyekula kwa wenzake naye hana budi kutoa zamu yake ikifika. Waliolihamishia neno hili katika kompyuta walilenga vyema kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu jina la intaneti nalo hudumu kwa mchango unaorudiwa. Anayeshindwa kutoa huondolewa mkekani, na nafasi yake hukaliwa na mwingine.

Hata hivyo, mfanano huo una mpaka wake. Katika kikoa cha mtaani wanakikoa hufahamiana. Mwenzao akikosa kufika, mtu hutumwa nyumbani kwake kumwuliza kama anaumwa. Daftari la majina ya intaneti halimtumi mtu. Hutuma ujumbe kwa barua pepe, na aghalabu ujumbe huo hufika katika anwani ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi.

Jinsi muda ulivyoingia katika jina

Majina haya hayakuanza yakiwa na tarehe ya kufa. Kabla ya mwaka 1983 kompyuta zote zilizounganishwa katika mtandao wa awali wa Marekani ziliorodheshwa katika faili moja, iliyotunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler. Faili hiyo ilipoelemewa, Paul Mockapetris alibuni mpango wa majina yanayopangwa kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na msimamizi wake. Jina liliombwa, likaandikwa, likakaa. Mnamo Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa ikisajili majina ya .com na mengine kwa mkataba wa serikali ya Marekani, ilianza kutoza dola 50 kwa mwaka, huku dola 100 za miaka miwili ya kwanza zikilipwa mapema. Kabla ya hapo jina liliweza kufutwa, lakini halikuweza kuisha kwa sababu ya deni. Kwa hiyo kuisha kwa usajili kuna umri mdogo kuliko wengi wetu tulio katika ukumbi huu.

Herufi za .tz ziliingizwa katika orodha kuu ya dunia mwaka huohuo wa 1995, miaka miwili baada ya .ke ya Kenya. Mwaka 2006 iliundwa kampuni isiyo ya kibiashara iliyoitwa tzNIC, waasisi wake wakiwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na chama cha watoa huduma za intaneti nchini, na mwaka 2010 usimamizi wa .tz ulikabidhiwa rasmi kwake katika ngazi ya kimataifa. Chini ya .tz yalipangwa matabaka: co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi, ac.tz kwa vyuo, go.tz kwa serikali. Mtu anayesoma anwani ya Kitanzania husoma pia, pasipo kukusudia, nafasi ya mwenye anwani hiyo katika jamii.

Kwa Mtanzania, wazo la kuwa na kitu chako kwa muda uliowekwa si geni. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuruhusu ardhi imilikiwe moja kwa moja na watu binafsi. Mwaka 1963 sheria ilibadili umiliki wa aina hiyo kuwa upangaji wa serikali. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikathibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na kwamba mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Katika maeneo ya Dar es Salaam ambayo hayakupimwa, kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilitolewa leseni za makazi ambazo muda wake ulihesabiwa kwa miaka michache tu. Mwenye nyumba katika mtaa wa namna hiyo ana karatasi yenye tarehe, lakini ana pia ukuta, bati, mwembe na majirani wa kushuhudia kwamba ameishi hapo. Mwenye jina la intaneti hana shahidi yeyote nje ya daftari. Tena jina la .com haliwezi kulipiwa kwa zaidi ya miaka 10 kwa mara moja, hata mwenyewe awe na fedha za kulilipia karne nzima.

Hatua za kuisha

Inafaa tueleze kwa makini kinachotokea, kwani watu wengi hudhani kwamba siku ya mwisho ikipita jina huzimika kama taa. Kila nchi hujiwekea kanuni kwa herufi zake. Nitaeleza utaratibu wa majina ya.com na wenzake, ambao ndio unaojulikana zaidi na ambao asasi nyingi za Kiswahili zimekuwa chini yake. Msajili analazimika kumkumbusha mteja takriban mwezi mmoja kabla ya tarehe, kisha takriban wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya tarehe kupita. Baada ya tarehe hiyo msajili anaweza kukaa na jina kwa muda usiozidi siku 45, na katika kipindi hicho huikata njia: anayeandika jina hilo hafiki tena alipozoea kufika. Jina likifutwa na msajili huingia katika siku 30 ambazo mwenye nalo bado anaweza kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi. Neno kukomboa lina mahali pake hapa, kwa maana hali hiyo ni ya rehani: mali ingali inahesabiwa kuwa yako, ila iko kwa mwingine, na saa inakwenda. Mwisho kuna siku 5 za kungojea, ambazo hakuna wa kufanya lolote. Kisha jina huwa la yeyote.

Huyo “yeyote” mara nyingi si mtu bali ni programu. Zipo kampuni zinazoishi kwa kuyavizia majina yanayoachiliwa na kuyanyakua katika nukta ya kwanza. Wala jina halilazimiki kufika huko, kwani msajili anaweza kulipiga mnada kabla halijafutwa. Thamani ya jina lililotumika kwa miaka kumi imo katika viungo vilivyosambaa kuelekea kwake: kurasa za vyuo, vitabu, magazeti na mashine za kutafutia zote zinaendelea kuelekeza watu kwenye mlango uleule. Aliyelinunua hununua nyayo za wasomaji wa mtu mwingine.

Hatari kubwa zaidi iko katika barua. Kwa vizazi kadhaa mkazi wa Tabata hakuwa na anwani ya nyumba inayotambulika na posta. Barua zake zilimfikia kwa S.L.P., sanduku la kukodi linalolipiwa kila mwaka, mara nyingi la mwajiri, la shule au la parokia. Namba za nyumba na vibao vya barabara vilienea mitaani katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Kila aliyewahi kutumia S.L.P. anaelewa kinachotokea ada isipolipwa: sanduku hufungwa, baadaye hupewa mtu mwingine, na mtu huyo hukuta ndani bahasha zenye jina la aliyemtangulia. Bahasha hizo huweza kurudishwa kwa karani. Kwenye intaneti mpangaji mpya wa jina anaweza kuzianzisha upya anwani zote za barua pepe za mpangaji wa zamani, akapokea kila kinachotumwa huko: taarifa ya benki, maombi ya ajira, hata ujumbe wa kubadili neno la siri. Wanaomwandikia hawana dalili yoyote kwamba mwenye sanduku amebadilika.

Wala hili halijawapata wadogo pekee. Siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ilikuwa imesahau kulipia jina lililohitajika ili watumiaji wa huduma yake ya Hotmail waweze kuingia; mtaalamu mmoja wa kompyuta, asiye mfanyakazi wake, alilipa dola 35 kutoka mfukoni mwake, na huduma ikarudi. Mwezi Aprili 2021 kijana mmoja wa Argentina alifanikiwa kulinunua kwa saa chache jina ambalo Google ililitumia nchini humo. Mwaka 2024 watafiti wa usalama wa kompyuta walinunua kwa dola 20 jina lililokuwa likitumiwa zamani na daftari la .mobi, lililoachwa liishe mwishoni mwa mwaka 2023. Ndani ya siku chache mifumo zaidi ya 135,000, ikiwamo ya serikali na majeshi, ilikuwa ikiwauliza maswali wao, ikiwadhania kuwa ni daftari lenyewe. Kuhama ni rahisi. Kuwafahamisha wote walioandika anwani yako ya zamani ndiyo kazi.

Mahame

Kiswahili kina neno mahame, kwa kijiji kilichoachwa na watu wake. Mahame huonekana: pana minazi, kisima, pengine kaburi. Jina la intaneti lililoisha halina mahame, kwa sababu papo hapo hujengwa kitu kingine. Mwanafunzi anayefuata tanbihi ya tasnifu ya miaka ya 2000 ili asome makala ya Kiswahili anaweza kukuta tangazo la kamari, likiwa limekaa chini ya jina lilelile la asasi aliyoitafuta.

Mwaka 2011 jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Marekani alitaja anwani ya intaneti katika tanbihi ya maoni yake kuhusu michezo ya video. Jina lile lilipoisha, mtu alilichukua na kuweka ukurasa wa kuidhihaki tanbihi hiyo. Watafiti wa Harvard walipochunguza maamuzi ya mahakama hiyo miaka michache baadaye, waliona kwamba takriban nusu ya anwani zilizotajwa humo hazikuwa zikipeleka tena kwenye maandishi yaliyokusudiwa. Taasisi ya Pew ilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikufikika muongo mmoja baadaye. Kama mahakama yenye maktaba na makarani wa kutosha imefikia hapo, hali ya majarida yetu yanayoendeshwa na mhariri mmoja na msaidizi wa nusu siku inahitaji kuangaliwa kwa hofu.

Tuangalie mifano iliyo karibu nasi. Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za kuiweka kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa anwani iliyokuwa chini ya jina la chuo hicho, na anwani hiyo ikanakiliwa katika vitabu vya kufundishia Kiswahili huko ughaibuni. Baadaye mradi ulihama na kujitegemea kwa jina lake. Kazi haikufa, vitabu ndivyo vilivyobaki vikielekeza kwenye nyumba ya zamani. Vivyo hivyo, atakayefungua majalada ya miaka ya mwisho ya 1990 atakutana na anwani nyingi za barua pepe zinazoishia na africaonline.co.tz, jina la kampuni iliyoanzishwa na vijana wa Kenya waliosoma Marekani, na ambayo mwaka 2007 ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini. Mtu aliyekuwa na anwani hiyo hakupanga hata jina lenyewe. Alipanga chumba katika jina la mpangaji mwingine.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ikazaliwa TATAKI. Jina TUKI halitumiki tena rasmi, lakini Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ingali rafuni, na katalogi ya maktaba humwelekeza msomaji kutoka jina moja hadi jingine. Maneno mawili tu, “tazama pia”, yamefanya kazi hiyo katika maktaba kwa zaidi ya karne moja. Daftari la majina ya intaneti halina “tazama pia”. Jina likipata mpangaji mpya, la zamani halitajwi popote ndani yake.

Hapohapo Tabata, Relini, kando ya Barabara ya Mandela, ndipo zilipo ofisi za gazeti la Mwananchi, lililoanza mwaka 2000. Nakala ya karatasi ya gazeti hilo ina tarehe na namba ya ukurasa, na nakala iliyojalidiwa maktabani itasomeka hata kama kampuni ingebadili jina mara tatu. Habari ileile ikisomwa kwenye intaneti imekaa chini ya jina la co.tz, ambalo hulipiwa kwa muda. Silitaji gazeti hili kwa kuwa limezembea. Nalitaja kwa sababu nathari ya Kiswahili inayosomwa na watu wengi kila siku huandikwa katika vyumba kama hivyo, na mwanaisimu wa mwaka 2060 atakayetaka kujua Watanzania waliandikaje mwanzoni mwa karne hii atahitaji kuipata.

Kuna kinaya hapa. Walioandika Kiswahili kwenye intaneti katikati ya miaka ya 2000, kama Ndesanjo Macha na Issa Michuzi, walianza kwa kutumia huduma za bure za kampuni kubwa. Jina la bure halina ada, hivyo haliishi kwa deni. Asasi yenye ruzuku, ambayo ilitaka heshima ya kuwa na jina lake yenyewe, ndiyo iliyojiweka katika hatari, kwa maana ruzuku ilipokwisha hakukuwa na fungu la kulipia jina. Lakini mwenye nyumba ya bure naye huweza kuibomoa: mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka kwa mkupuo.

Tegemeo la watafiti wengi ni hifadhi ya Internet Archive ya San Francisco, inayonakili kurasa tangu mwaka 1996. Ni hazina, lakini milango yake imeandikwa kwa majina yaleyale yanayoisha. Asiyelijua jina la zamani hawezi kuufungua kirahisi. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi hifadhi hiyo iliheshimu faili ya maelekezo ambayo mwenye jina huweka kuzizuia mashine zisisome kurasa zake. Mnyakuzi aliponunua jina lililoisha na kuweka faili hiyo, kurasa za aliyemtangulia nazo zilifichwa. Mpangaji mpya alifunga hata vyumba ambavyo hakuwahi kuvijenga. Mwaka 2017 hifadhi ilitangaza kwamba inaelekea kuuacha utaratibu huo.

Nchi iliyopoteza herufi zake

Mfano mkubwa kabisa wa kuisha kwa jina katika maeneo ya Kiswahili haukutokana na deni. Zaire ilikuwa na herufi za .zr. Mobutu alipoangushwa mwezi Mei 1997 nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, orodha ya kimataifa ya alama za nchi ikabadilishwa, zikaja herufi za .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa. Tangu siku hiyo hakuna anwani hata moja inayoishia hivyo inayoweza kufunguliwa popote duniani. Sokoni Bukavu au Lubumbashi mtu aliweza kuendelea kusema Zaire kwa mazoea na akaeleweka. Kompyuta haikuwa na mazoea ya kumsaidia.

Sheria ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliendeleza wajibu wa wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu vyao ili zihifadhiwe. Iliandikwa kwa ajili ya karatasi. Kabla sheria haijapanuliwa, idara zetu zinaweza kudai kwamba kila tasnifu inayotaja ukurasa wa intaneti iwasilishwe pamoja na nakala ya ukurasa huo, na tarehe uliposomwa. Maktaba ya chuo inaweza kuweka orodha ya majarida, vyama vya waandishi na asasi za Kiswahili zenye majina yao ya intaneti. Tarehe za kuisha kwa majina mengi, yale ya .com yakiwamo, si siri. Huonekana na yeyote anayeliuliza daftari. Ni kazi ya karani mmoja mwenye orodha hiyo, kalenda ukutani, na simu ya kumpigia mhariri mwezi mmoja kabla.